Nilivyotoa lecture ya nyimbo za kale za Marekani kanisani Dodoma, bibi wa mchumba wangu akanyanyuka akatoka

Wakuu, heshima kwenu wote, mlio ofisini mnajifanya mnafanya kazi na mlio nyumbani mmeacha kujifanya.

Ninachoandika hapa kimenipata mimi mwenyewe, mwaka huu huu, nikiwa na akili zangu timamu. Majina nimebadilisha kwa sababu wahusika wako humu na mmoja wao ana jembe. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, pamoja na yale yanayonidhalilisha, ambayo ni karibu yote.

Kwanza mnijue.

Mimi ni mtu wa Bukoba. Naomba msianze. Najua mnachotaka kusema kuhusu sisi nshomile, Wahaya wa kujiona wasomi, na Kiingereza chetu, na mkifika mwisho wa uzi mtakuwa na haki ya kukisema.

Nilihamia Dodoma ofisi yetu ilipohamia. Nikapanga Nzuguni. Simjui mtu, jioni hazina la kufanya, nikajiunga na kwaya ya kanisa la jirani, sauti ya nne. Kwa msiojua kwaya, sauti ya nne ni wanaume wachache wa nyuma ambao kazi yao kubwa ni kuonekana wazito.

Humo ndimo nilimkuta Yusta, sauti ya pili. Mgogo, mwalimu wa shule ya msingi, anacheka kwa mabega. Sitamweleza zaidi ya hapo, maana atausoma uzi huu.

Mambo yakaenda vizuri mpaka tukafika kwenye suala la kwao. Wazazi wake hawana shida. Mjomba wake aliyemlea hapa mjini, mzee wa kanisa letu, nitamwita Mjomba Amosi, naye hana shida. Shida ilikuwa moja tu, inaitwa Bibi Perisi.

Bibi Perisi ndiye mama yake Mjomba Amosi, anaishi kijijini ng'ambo ya bwawa la Hombolo. Katika ukoo ule watu wote wanajadiliana, wanapiga kura za moyoni, halafu wanamtazama Bibi. Akikunja uso, kikao kimekwisha.

Kabla yangu alishawakunjia uso wachumba wawili wa Yusta. Wa kwanza alimsalimia shikamoo akiwa na miwani ya jua usoni. Wa pili alipokea simu huku mkono mwingine uko kwenye mboga ya mlenda.

Yusta aliniambia wazi kabisa: "Erasto, mimi nakupenda, lakini siolewi Bibi akiwa amenuna. Ndiye alinifundisha kila kitu."

Kwa hiyo wakuu, nilichokuwa nakitafuta ni kimoja. Bibi Perisi akubali. Shikeni hapo hapo.

Nafasi ikajileta. Usharika mama, ule wa kijijini kwa kina Yusta uliozaa kanisa letu la Nzuguni, ulikuwa unafanya jubilei mwezi wa pili. Kwaya yetu ikaalikwa. Bibi Perisi angekaa mbele kabisa, kwa sababu marehemu mume wake, Mwinjilisti Eliya, ndiye aliyelianzisha lile kanisa kwa miguu yake.

Nikasema moyoni, hapa ndipo nitakapojitambulisha. Sio kwa barua ya posa ya kunakili. Kwa wimbo.

Sasa twende kwenye kitabu.

Mwezi wa kumi na mbili tulikuwa tunasafisha stoo ya kanisa ili tupate pa kuweka spika mpya. Ndani kulikuwa na sanduku la bati lililoletwa zamani kutoka usharika mama, na tangu liletwe hakuna aliyelifungua. Humo: madaftari ya ubatizo, kengele isiyo na ulimi, mavazi yaliyoliwa na nondo, na kitabu kimoja kidogo kinene cha Kiingereza. Jalada hakuna. Kurasa za mwanzo mchwa walishajisomea.

Wenzangu waliendelea kubeba mabenchi. Mimi nikakaa juu ya sanduku nikaanza kusoma. Nilishasema natoka wapi.

Kilikuwa ni mkusanyiko wa nyimbo na mashairi ya kuimbwa ya Wamarekani wa kale, yaliyotolewa kwenye vitabu vyao vya mwanzo kabisa vya nyimbo. Bila shaka mmisionari fulani alikileta akakisahau.

Nilitegemea nyimbo za Mungu. Wimbo wa kwanza nilioukuta ni mlevi anaiaga chupa yake kwa uchungu. Wa pili ni mtu anakwenda kunyongwa, anawasimulia watu kosa lake beti kumi na tisa, nikajiuliza kamba inamsubiri vipi muda wote huo. Wa tatu binti amempa sumu mchumba wake. Wa nne wanajeshi wanamcheka mkubwa wao aliyekimbia vita na farasi wa watu.

Nikasema kumbe hawa ndugu waliokuja kutuambia tuache ngoma, kwenye mizigo yao walikuwa na haya.

Kitu kimoja kikanishangaza. Kitabu kizima hakina nota. Ni maneno matupu, na juu ya kila wimbo kuna mstari mdogo: uimbwe kwa sauti ya wimbo fulani. Ukienda kwenye huo wimbo fulani, nao unakwambia uimbwe kwa sauti ya mwingine. Utangulizi, kile kipande kilichobakia, ulieleza kwamba ndivyo walivyofanya kazi. Sauti moja watu wote wanaijua, mwenye maneno mapya anayabandika juu yake, anachapa, anauza. Sauti ile ile leo inaimba mapenzi, kesho inamtukana mwanasiasa.

Kama mmeshika vitabu vyetu vya nyimbo makanisani mtanielewa. Maneno matupu, sauti iko vichwani mwa watu.

Lakini ukurasa mmoja haukuwa mtupu.

Ulikuwa na wimbo wa beti nne wa baharia aliyerudi baada ya miaka saba, binti hamtambui, jamaa anamjaribu kwanza kabla ya kujitaja. Pembeni ya beti hizo kulikuwa na nota za sol-fa, zile za d-r-m, kwa penseli. Mwandiko mzuri wa mtu mwenye subira, kila d imewekewa mkia mrefu kama wa panya. Mistari mitatu, imepewa namba moja, mbili, tatu, kila mmoja unatofautiana kidogo na mwenzake. Kisha namba nne, halafu pametupu, na chini yake maneno ya Kiswahili: "Ubeti wa nne hajanipa bado."

Mimi nikafanya research yangu pale pale juu ya sanduku, dakika mbili nikawa nimemaliza. Mmisionari, mama wa Kimarekani, alikuwa anamfundisha mwenyeji wimbo wa kwao. Mwenyeji akawa anaandika. Mama akarudi kwao kabla hajamfundisha ubeti wa nne. Kwisha kazi. Nilikuwa nimeshika mkononi sauti halisi ya wimbo wa kale wa Marekani, ambayo hata kitabu chenyewe hakina.

Niliimba kimya kimya. Wakuu, ilikuwa tamu. Inapanda polepole, inakaa, halafu inashuka kwa kuchechemea hivi, kama mtu anakucheka kwa adabu.

Kulikuwa na kasoro ndogo. Maneno ya Kiingereza hayakuikalia ile sauti hata kidogo. Silabi zinabaki nje, nyingine zinabanwa. Nikasema labda lafudhi yao ya zamani ilikuwa tofauti.

Nikamwonyesha mwalimu wetu wa kwaya. Akasema sauti ni nzuri, ila imetulia vizuri sana kwenye ngoma, ajabu kwa wimbo wa Wazungu. Nikamweleza kwamba muziki hauna mipaka. Akanitazama, akaenda kunywa maji.

Nikatunga maneno ya Kiswahili. Sio baharia tena. Nikamweka mgeni aliyetoka mbali, amefika kwenye nyumba ya watu wema, anaomba apokelewe. Kwa nje ni wimbo wa shukrani kwa usharika mama. Kwa ndani ni mimi namwambia Bibi Perisi nifungulie mlango. Kila mtu kwenye kwaya alilijua hilo, hata mpiga kinanda alikuwa ananikonyeza.

Tukafanya mazoezi wiki sita. Yusta aliimba mazoezi yote na sauti ile haikumkumbusha kitu. Hilo nitalieleza. Mjomba Amosi huwa haji mazoezini, hata ukimwalika.

Jubilei ikafika. Tukapanda Coaster asubuhi, sare mpya, mawingu mazito, mashamba ya uwele pande zote yamechipua yana urefu wa kiganja. Kanisa limejaa hadi madirishani. Wazee wanawake wa kijiji wamejaza mabenchi matatu ya mbele upande wa kushoto, vilemba safi. Katikati yao mmoja mwembamba, amenyooka kama amemeza fimbo. Sikuhitaji kuonyeshwa.

Zamu yetu ilipofika, mwalimu wa kwaya akanipa mic niseme neno kidogo kuhusu wimbo.

Neno kidogo! Kwa mtu wa Bukoba!

Nilianza vizuri tu, kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!", kanisa likaitikia kwa furaha, ningeishia hapo leo ningekuwa shujaa. Nikaendelea. Nikawaeleza kuhusu Marekani ya kale. Nikawaeleza mabaharia. Nikawaeleza vitabu visivyo na nota na jinsi sauti moja ilivyokuwa inavaa maneno mengi. Nikasema wimbo mtakaousikia umevuka bahari, haujawahi kusikika katika kijiji hiki, na pengine katika Tanzania nzima. Nikasema tulieni, mpokee kitu kigeni.

Mchungaji aliangalia saa mara mbili. Namba hiyo nimeambiwa, mimi nilikuwa naangalia mbali.

Tukaimba.

Mstari wa kwanza tu, bibi mmoja benchi la pili akajiziba mdomo kwa kiganja. Mstari wa pili, wawili wakatazamana, mmoja akampiga mwenzake begani. Kufika mwisho wa ubeti, mabenchi yote matatu yanatikisika.

Mimi nikajua tumewagusa.

Ubeti wa pili wakaanza kuimba na sisi. Sio maneno yetu. Maneno ya Kigogo, wanayajua yote, wanayapiga na makofi mahali ambapo sisi hatukuwa tumeweka makofi lakini palikuwa panayadai. Bibi mmoja akasimama, akaigiza mtu anayelima kwa kuogopa kuchafua viatu. Kanisa likapasuka kwa kicheko. Vigelegele. Wanaume wa nyuma wanafuta machozi.

Nikasema moyoni, jamani, Roho ameshuka. Nikamfanyia mwalimu ishara turudie.

Tukarudia, wakuu. Naomba mlielewe hilo. Mimi ndiye niliyeomba turudie.

Katikati ya kurudia ndipo nilipomwona Bibi Perisi. Hakucheka. Hakuimba. Alikuwa ananitazama mimi, kwenye safu ya nyuma, moja kwa moja. Kisha akachukua Biblia yake, akajifunga kitenge vizuri, akanyanyuka, akapita katikati ya kanisa polepole mpaka nje.

Vicheko vikakatika kuanzia mbele kwenda nyuma. Yusta alinyamaza katikati ya neno. Mjomba Amosi, kwenye viti vya wazee, alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Sikujua nimefanya nini, ila nilijua nimekifanya mbele ya watu wote.

Baada ya ibada tuliwekewa chakula chini ya turubai. Pilau ya sherehe, ile yenyewe. Sikuweza kumeza. Mjomba Amosi akaja akavuta kiti.

"Kijana, ule wimbo umeutoa wapi?"

"Marekani, mzee."

"Marekani ipi?"

Nikamweleza kitabu, penseli, mama mmisionari. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu nikaona anajitahidi sana asicheke, halafu nikaona sio kucheka tu.

"Ule wimbo ni wa mama," akasema. "Alimtungia baba."

Akanieleza. Baba yake, Mwinjilisti Eliya, alifika pale kijana, na viatu, na daftari, wakamwita mwalimu. Akampenda binti wa watu, Perisi. Akina baba wa binti wakamwambia njoo ulime tukuone. Siku ya palizi akaingia shambani, akapalilia safu nzima kwa bidii kubwa, na alipofika mwisho ikaonekana amepalilia uwele na kuyaacha magugu. Yanafanana yakiwa machanga. Kila mtoto wa pale anajua kuyatofautisha, yeye hakujua.

Binti Perisi akamtungia wimbo siku hiyo hiyo, palepale shambani. Mwalimu kaja na viatu, mwalimu kasoma sana, mwalimu kaung'oa uwele anautupa, anayabembeleza magugu. Beti tatu za kumsaga. Wanawake wakaudaka, kijiji kizima kikaimba miaka yote, hata mzee akiwa na mvi wanamwimbia anapita na baiskeli, naye anapiga kengele kwa mapigo yake.

"Alipofariki, mama alisema asiuimbe mtu tena. Tukaacha. Yusta alikuwa mdogo, hajawahi kuusikia. Leo umekuja wewe, na kinanda, na watu arobaini, ukamwambia mama wimbo wake umetoka Marekani."

Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Na chini ya aibu kulikuwa na hofu, maana Yusta alikuwa amesimama mbali, hanitazami.

"Sasa Bibi anadhani nini?" nikauliza.

"Anadhani mimi ndiye niliyekufundisha ili tumfurahishe. Anadhani tumeifanya huzuni yake iwe burudani ya mgeni." Akainuka. "Nenda mwenyewe. Mimi siendi, ananijua tangu nazaliwa."

Nikachukua kitabu kwenye begi. Yusta akanifuata kwa nyuma.

Tulimkuta nyuma ya nyumba, ameshabadilisha nguo za kanisani, ametandaza majani ya mlenda kwenye mkeka anayageuza yakauke. Jua lenyewe lilikuwa la kubahatisha.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba." Hakuinua uso.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Yote yakanikimbia, kitu kigeni kabisa kwangu. Nikapiga magoti kwenye vumbi na sare yangu mpya, nikasema, "Bibi, nisamehe. Sikufundishwa na mtu. Nimeukuta humu." Nikafungua ukurasa, nikamwekea kitabu juu ya mkeka.

Akafuta mikono. Akatoa miwani kifuani, imefungwa kwa uzi. Akasogeza kitabu mbali, akakileta karibu. Nilifikiri atauliza ni nini. Bibi hajui sol-fa.

Akaweka kidole kwenye d yenye mkia.

"Huyu ni Eliya," akasema.

Akapitisha kidole chini, taratibu, d moja baada ya nyingine. "Alikuwa anaziandika hivi hata kwenye kadi za ubatizo. Nilikuwa namwambia, baba, hizi ni panya." Akamtazama Yusta. "Kitabu hiki kilikuwa mfukoni mwa koti lake. Mama mmoja wa Kizungu, mmisionari, alimpa alipoondoka. Siku ya msiba walikuja kuchukua vitu vya kanisa, wakabeba vyote. Mimi sikujua kama ameniandika humu."

"Lakini hakuandika maneno, Bibi," Yusta akasema.

"Angeyaandika ya nini? Yalikuwa yanamtukana."

Kisha akafika chini kabisa. Ubeti wa nne hajanipa bado. Akausoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa. Na akalia. Sio kwa kelele. Alivua miwani tu, akaishika mapajani, machozi yanashuka yenyewe.

Yusta akakaa kwenye mkeka, akamwekea kichwa begani.

"Nilimwambia upo," Bibi akasema. "Nilimwambia wimbo wangu una beti nne, tatu ni za watu wote, wa nne nitakupa mwenyewe. Alikuwa ananiomba kila palizi. Nami namwambia bado. Mwanaume ukishampa vyote anaacha kukusikiliza. Nikawa namtania hivyo, mwaka na mwaka mwingine. Nilijua muda upo."

Kuku akaingia kwenye mlenda, hakuna aliyemfukuza.

Kisha akanigeukia, macho makavu tayari. "Wewe mtu wa Marekani. Unajua kuandika hivi alivyoandika?"

"Najua, Bibi."

"Basi andika."

Akaimba ubeti wa nne. Sauti nyembamba, imechakaa pembeni, lakini haikutetereka. Nilimwomba arudie mara mbili. Niliandika kwa penseli kwenye ile nafasi tupu, chini ya mistari yake mitatu. Wa nne haukupanda kama mingine. Ulianza chini, ukabaki chini.

Nilipomaliza akasema, "Soma." Nikaisoma ile sol-fa kwa kuimba, naye akaweka maneno juu yake. Yusta alikuwa analia waziwazi. Nikamnong'oneza, anasema nini? Akatikisa kichwa. Hakutaka kunitafsiria.

Kuhusu posa, Bibi hakusema ndiyo wala hapana. Alifunga kitabu, akakiweka ndani ya kitenge chake, na mpaka leo kiko kwake, mchungaji mwenyewe ameridhia. Akaniambia hivi tu: "Jumamosi tunapalilia. Njoo."

Wakuu, wiki ile nilitazama video za uwele ofisini mpaka bosi akaniuliza kama naacha kazi. Nikasoma majani. Nikachora. Jumamosi nikafika na jembe jipya na, kwa ujinga wangu wa mwisho, na viatu.

Wanawake walewale wa mabenchi matatu walikuwepo shambani. Nikapewa safu yangu. Nikaifanya kwa makini ya mtu anayefanya mtihani, nimeinama, sisemi na mtu, jasho kama bomba. Nikafika mwisho. Nikageuka nyuma kuitazama kazi yangu.

Mjomba Amosi akaja, akaokota nilichong'oa, akakiinua juu watu wote wakione.

Uwele.

Sio wote. Karibu nusu. Lakini na magugu niliyoyaacha yalikuwa yamenawiri, nimeyawekea hadi udongo shinani.

Kicheko kilichotoka pale kilisikika Hombolo. Na hapo hapo, bila mtu kuhesabu moja mbili, wanawake wakaanzisha. Sauti ile ile. Maneno mapya. Nikasikia "Marekani" ndani yake. Nikasikia "Bukoba." Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, wananizunguka na majembe, yule bibi wa kuigiza ananiigiza nimeshika mic.

Nilisimama pale nimekwisha. Nikajua na mimi nimeshakunjiwa uso, wa tatu kwenye orodha.

Ubeti wa tatu ulipoisha, Bibi Perisi, aliyekuwa amekaa mwisho wa shamba juu ya debe, akainua mkono. Wakanyamaza wote. Upepo tu. Akamtazama Yusta, akasema neno moja la Kigogo, ambalo hata mimi nilielewa maana yake ni "haya."

Yusta akaweka jembe chini. Akaanza chini, akabaki chini. Ubeti wa nne.

Hakuna aliyecheka. Wanawake wengi hawakuwahi kujua kama upo. Mjomba Amosi akanisogelea, akaninong'oneza maneno yake sikioni kwa Kiswahili:

Mwacheni na magugu yake.
Shamba ni langu.
Nitayang'oa mimi.

Harusi ni mwezi wa tisa, baada ya mavuno.

Nilichojifunza ni kidogo. Ukitaka kuwaeleza watu kitu kigeni, waimbie kwanza akina bibi watatu kabla hujashika mic. Na ukikuta penseli pembeni ya kitabu cha zamani, usikimbilie kumpa Mzungu sifa, huenda kuna mtu wa hapo hapo alikuwa anasubiri ubeti wake.

Haya, Wagogo mlioko humu, najua mmeshafika, nisageni taratibu. Wale mtakaosema ni chai, yaani nimetunga, karibuni palizi ya mwakani, mje na viatu. Na wewe mwenye sanduku la bati kwenye stoo ya kanisa lenu, nenda kalifungue, halafu rudi utuambie umekuta nini.